Kete na Kaa

Niliacha shule nikiwa standadi ya pili. Sikufukuzwa, wala fimbo hazikunishinda. Dirisha la darasa letu lilitazama reli, na mimi nilitaka kujua yale mabehewa yanakokwenda. Tangu hapo sijatulia mahali. Nimeshona magunia, nimekata mkonge, nimekaanga mihogo kando ya barabara, nimelinda ghala lisilo na kitu. Lakini nina maradhi mamoja ambayo hayajanitoka hadi leo: nikipita mahali nikasikia mtu anafundisha, miguu inagoma. Nimewahi kusimama nje ya chuo cha Kurani mpaka nikamwagiwa maji. Nimewahi kuchungulia karakana ya fundi wa Kihindi aliyekuwa akimfunza mwanawe kuchomelea chuma, mpaka macho yakaniwasha usiku kucha.

Ndivyo nilivyoingia darasa la ubatizo kule Changamwe, wakati wa vita. Sikuwa na haja ya ubatizo. Nilisikia sauti ya mwalimu, nikaona ubao mweusi, nikaketi.

Darasa lilikuwa banda la misheni, wazi pande zote, na tuliketi alasiri baada ya honi ya karakana za reli. Tulikuwa vibarua wa reli na wa matangi ya mafuta, wapishi wa kambi ya askari, wanawake wachache. Kila mmoja na lake. Mmoja alitaka kufunga ndoa na binti wa Kirabai ambaye babake hakutaka mkwe mshenzi. Mwingine, mtia makaa wa garimoshi, mtu wa mabega mapana na kicheko cha fisi, aliambiwa na bosi wake kwamba mtu mwenye jina la Kikristo hupandishwa cheo upesi. Hakuficha. "Mimi nataka jina," alisema. "Hayo mengine mtanieleza njiani."

Mwalimu alikuwa kijana, pengine hajanizidi miaka mitano. Kaptula yake ilipigwa pasi hata ungeweza kukatia nyama kwa mikunjo yake, na soksi zilipanda hadi magotini. Alikuwa na akili, hilo silikatai. Siku ya kwanza alipita na kikapu akampa kila mmoja wetu vitu viwili: kete moja, hizi kete nyeupe za pwani za kuchezea, na kipande cha kaa la jikoni.

"Shule nyingine," alisema, "mwalimu huuliza, mjuaji mmoja akajibu, na mwalimu akadhani wote wamejua. Mimi sidanganyiki. Nikimaliza kufundisha jambo, mtaweka mikono nyuma. Aliyeelewa atashika kete. Ambaye hajaelewa atashika kaa. Nikisema leteni, mtanyoosha ngumi mbele. Nikisema fumbua, mtafumbua, wote kwa mpigo mmoja."

Ikawa hivyo. Akafundisha habari ya Adamu, akasema leteni, akasema fumbua. Nami nilipoona ile mikono yote imefunguka pamoja, mingine ina kete, mingine ina kaa, nilifurahi kama mtoto. Kwa kupepesa jicho tu mwalimu alikuwa ameona vichwa vyetu vyote kwa ndani. Jirani yako hukuweza kumwigiza, kwa kuwa ngumi ilikuwa imefungwa. Siku hiyo makaa yalikuwa mengi, na mwalimu akaanza upya habari ya Adamu, pole pole, kwa mifano, mpaka makaa yakapungua. Nilikwenda zangu nikifikiri, huyu ndiye mwalimu niliyekuwa nikimtafuta.

Haikudumu. Padre Mzungu alikuwa akija kutoka mjini kisiwani mara kwa mara kuona kazi inavyokwenda, na siku moja alifika tukiwa katika habari ya Roho Mtakatifu. Mwalimu akasema fumbua, na darasa zima likawa jeusi. Padre alitabasamu tu, akapanda gari lake. Mwalimu alisimama akilitazama vumbi la lile gari mpaka likatulia.

Kesho yake alikuja na sheria mpya. Mwenye kaa alisimama mbele, mwalimu akalichukua lile kaa kutoka mkononi mwake, akalisugua kwenye paji la uso wake na mashavu yote mawili, na aliyepakwa hakuruhusiwa kunawa mpaka afike kwake. "Ujinga usioonekana," alisema, "hautibiki."

Wa kwanza kupakwa alikuwa yule mchumba wa binti wa Kirabai. Alivuka kituo cha reli na uso ule, na inasemekana baba mkwe mtarajiwa alikuwa amesimama papo hapo akingoja mzigo. Kwa siku chache wengine nao walipakwa. Kisha makaa yakakauka kabisa. Roho Mtakatifu, Utatu, ufufuo wa wafu, yote tuliyaelewa kwa mara moja. Ngumi zilifumbuka nyeupe kama meno. Mimi mwenyewe nilifumbua kete kwa mambo ambayo sijui mpaka leo. Mwalimu alizidi kwenda haraka, na kadiri alivyokwenda haraka ndivyo tulivyozidi kuelewa.

Isipokuwa mtu mmoja.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, Mgiriama, na wote tulimwita mayo, yaani mama kwa lugha ya kwao. Alishona makuti ya kuezekea na kuwauzia mafundi waliojenga mabanda ya kambi. Usidhani alikuwa mtakatifu. Alinusa ugoro mpaka darasani, alikuwa mkali wa ulimi, na watoto waliokanyaga makuti yake waliambiwa habari za mama zao. Lakini mbele ya mwalimu alikuwa mtu mwingine. Aliketi ameinamisha kichwa, aliitika "abee" kwa kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, na kila iliposemwa fumbua, alifumbua kaa.

Kila siku. Mwalimu naye alimpaka kila siku. Mwanzoni alimpaka kwa haraka kama mwenye aibu kidogo, halafu akawa anachukua wakati wake, akizungusha lile kaa shavuni huku akiendelea kutufundisha sisi. Tulikuwa tukicheka. Kicheko cha mtia makaa ndicho kilichoongoza.

"Mayo, leo umependeza!" angesema. "Tukipungukiwa makaa kwenye injini tutakuja kukukwangua."

Njiani ilikuwa mbaya zaidi. Ilimpasa kupita mbele ya kambi, na wale askari, watu wa bara na watu wa nchi za mbali, walishajua saa yake. Walikuwa wakipiga mabati. Watoto walimfuata hadi kwake wakiimba mama kaa, mama kaa. Alitembea bila kuharakisha, na ukweli ni kwamba kutoharakisha kwake ndiko kulikowapa watoto muda wa kuimba.

Mimi nilitaka kujua. Siku moja nilimfuata mpaka kwake, nikamkuta ananawa.

"Shikamoo, mayo."

"Marahaba. Umekuja kuimba na wewe?"

"Nimekuja kuuliza."

"Haya uliza, wewe kunguru. Huachi kudonoa."

Nikamwuliza ile habari tuliyosoma siku hiyo, ya mwana aliyetapanya mali akarudi kwa babake. Akanisimulia yote, tangu mwanzo mpaka yule kaka mkubwa alipokasirika nje ya nyumba, na mikono yake haikusimama kushona.

"Sasa mbona ulifumbua kaa?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Niseme mimi najua? Mbele ya mwalimu? Kwetu mtoto anayejitangaza kwamba ameelewa hupigwa, maana ameufunga mlango na mkubwa bado anaongea. Mwalimu ndiye wa kusema huyu ameelewa. Mimi nisimame nijisifu kama jogoo?"

"Lakini mwalimu ameuliza."

"Ameuliza, nami nimemjibu kwa adabu." Akapachika kuti jingine. "Tena sikiliza. Kushona makuti nilifunzwa na mamangu. Nilishona, nikashona, nikasema najua. Siku mvua iliponyesha mimi nikiwa chini ya makuti hayo, yasivuje, ndiyo siku niliyojua. Hayo ya kufufuka sijanyeshewa nayo bado."

Nikamwuliza basi anahangaika nini na darasa. Hapo ndipo aliponieleza. Alikuwa na binti mdogo, kitinda mimba. Surua ilimkamata, akapelekwa zahanati ya misheni, na dresa, mtoa dawa wa pale, alipoona hafiki asubuhi alimnyunyizia maji na kumpa jina. Kwa hiyo mtoto akazikwa katika makaburi ya misheni, ndani ya uzio. Ulikuwa uzio wa seng'enge, mabaki ya jeshi, umewekwa kuzuia mbuzi. Aliye hai aliweza kuingia na kutoka. Mfu asiyebatizwa alizikwa nje.

"Mimi na mbuzi," alisema, "tumezuiwa na seng'enge moja." Kisha akafungua upande wa kanga yake akanionyesha, chini ya kwapa, uvimbe wa ukubwa wa embe. Aliufunika upesi. "Mtoto yule alikuwa akiogopa kulala peke yake. Hilo tu. Nikilala karibu yake, hayo mengine Mungu atanifunza huko."

Nilimwambia ashike kete. Nilimwambia siku hiyo, nikamwambia tena siku zilizofuata. Mpishi mmoja wa kambi, mtu mpole, naye akamwambia. Hata mtia makaa alimwambia, kwa namna yake: "Mayo, wewe shika kete, uongo ni wetu sote, tutagawana motoni." Alitikisa kichwa. Kusema uongo lilikuwa jambo dogo kwake, alikuwa akiwadanganya wanunuzi wake wa makuti bila kupepesa. Kujitukuza mbele ya mwalimu ndiko kulikomshinda.

Nikaamua kwenda kwa mwalimu mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya banda akizipiga brashi soksi zake.

"Mwalimu, yule mama anajua. Anafumbua kaa kwa heshima tu. Mwulize mwenyewe, kando, atakwambia yote."

Hakunitazama. "Unadhani sijui?"

Akaendelea kupiga brashi.

"Nimezaliwa papa hapa. Mama yangu ndivyo alivyo, ukimwuliza kama ameshiba atakwambia hajala. Yule mwanamke anajua kuliko ninyi nyote. Wewe hujui lolote, na yule mwenye kicheko hajui hata Yesu alikuwa mtu au mji."

"Basi mbona unampaka?"

"Kwa sababu amejileta." Akaivuta soksi, akaikunja vizuri chini ya goti. "Wewe hujafundisha, hujui. Darasa linataka mtu wa kuchekwa. Kila mtu akimwona yeye, anakaza macho ubaoni. Nikimtoa yule, itanibidi nimpake mwingine, na huyo mwingine atakimbia. Yule hakimbii."

"Anaumwa, mwalimu. Pengine hafiki mwakani."

"Wazee wote huumwa," akasema. "Na wewe, kete zako zote za uongo nazijua. Nenda."

Nilikwenda. Nakumbuka nilichokuwa nikikifikiri njiani, na hakikuwa huruma. Nilikuwa nikifikiri jinsi chombo kile kilivyokuwa kizuri siku ya kwanza, na jinsi sasa kilivyokuwa kikimwonyesha mwalimu kila kitu kinyume, naye akajua, na bado akakipenda.

Wiki ya kuelekea Pasaka padre alikuja kuchagua watakaobatizwa. Mwalimu alitupanga kwa mistari, wanawake nyuma. Alimweleza padre ile njia yake kwa Kiingereza, mikono ikionyesha ngumi na kufumbua, na padre akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa mashine mpya.

Mayo alikuja amevaa kanga safi. Mkono wa upande wa uvimbe sasa haukunyanyuka vizuri, aliushika kwa mwenzake. Alipopita karibu nami alisema bila kunitazama, "Leo nitakuwa jogoo. Mkinicheka nitawalaani."

Mwalimu akauliza kwa sauti: "Mmeuelewa ubatizo na maana yake? Leteni!"

Ngumi zikaja mbele.

"Fumbua!"

Kete, kete, kete. Na mstari wa nyuma, katika kiganja cha mayo, kete.

Hakuna aliyepanga kucheka. Lakini mtia makaa aligeuka nyuma, akaona, na maneno yakamtoka: "Kaa limezaa kete!" Basi banda zima likaangua kicheko, hata yule mpishi mpole, hata mimi. Mayo hakufumba mkono. Alibaki ameunyoosha, ameinamisha uso.

Mwalimu hakucheka. Sijui kama alikasirika kwa kupokonywa kitu chake, au aliogopa padre asije akauliza mbona wanacheka. Alimnong'oneza padre maneno marefu ya Kiingereza. Padre akatazama nyuma, akapita katikati yetu taratibu, akasimama mbele ya mayo. Alikuwa na Kiswahili kichache, na uso wake ulikuwa wa upole kabisa.

"Mama," akamwambia, "usiogope. Niambie kwa moyo wako. Umeelewa kweli?"

Angemwuliza ubatizo ni nini, angemjibu. Angemwuliza habari ya mwana mpotevu, angemsimulia mpaka yule kaka mkubwa. Lakini alimwuliza lile lile, tena yeye, mkubwa wa wakubwa wote, tena kwa upole, na adabu yote aliyolelewa nayo ikamrudia. Nilimwona akijaribu.

"Kuelewa ni kwake Mungu, bwana," akasema. "Mimi ni nani?"

Padre akaitikia kwa kichwa, kwa huzuni. Akamgusa begani, bega lile lile linalouma, naye hakushtuka.

"Vizuri kusema kweli, mama. Vizuri sana. Mwaka ujao, Mungu akipenda." Akamgeukia mwalimu akamwambia neno, na mwalimu akainama kidogo kwa kushukuru. Baadaye mpishi, aliyejua Kiingereza cha jikoni, alituambia padre alikuwa ameisifu ile njia kwamba hata mjinga wa mwisho hawezi kuiponyoka.

Mtia makaa yeye aliulizwa Pilato ni nani. Akajibu bila kusita kwamba alikuwa mtume, mmoja wa wale wadogo. Padre akacheka akidhani ni masihara, akampita. Siku ya Pasaka alipata jina lake, na wiki hiyo hiyo akaanza kukataa kuitwa kwa jina la zamani.

Mayo alirudi darasani mara mbili tatu baada ya hapo, wanafunzi wapya walipoanza. Alipakwa. Kisha mkono ukavimba wote, akaacha kushona, akaacha kuja. Nilimpelekea uji. Hakuwalaani waliocheka, ila aliniambia, "Wewe ulicheka. Nilikusikia, una kicheko cha pua." Aliniuliza kama inawezekana mtu kubatizwa kitandani kama mwanawe alivyobatizwa. Nikaenda kwa dresa. Dresa akasema watu wazima lazima mwalimu aseme wamekuwa tayari. Nikaenda kwa mwalimu. Mwalimu akasema darasa linaendelea, anakaribishwa wakati wowote akipata nguvu.

Alikufa masika yalipokuwa yamepamba moto.

Tulichimba sisi, mimi, mpishi na mtia makaa, na jirani zake wawili. Tulichagua mahali nje ya uzio, tumeusogelea uzio kabisa, mkabala na kaburi la mtoto. Kwa pale, waya tu ungekuwa kati yao, na mtoto angekuwa upande wa kichwa. Udongo wa Changamwe masika ni mwekundu na unateleza kama sabuni. Tulikuwa tumeshafika magotini mwalimu alipotokea na mwavuli.

"Nani amewaambia mchimbe hapo?"

"Ni nje, mwalimu," mpishi akasema. "Hatukuvuka."

"Naona ni nje. Mmechimba kwenye mguu wa nguzo. Mvua hii, nguzo italala, uzio utafuatia, na mbuzi wa Changamwe nzima watakuwa makaburini kesho. Fukieni. Nendeni kule chini, penye mgomba."

"Mwalimu," nikasema, "mwanawe yuko hapa."

"Najua alipo. Nilimzika mimi." Akangoja. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye ncha za mwavuli wake. "Fukieni kabla hamjaleta maiti, au mnataka asimame kwenye mvua akiwangoja?"

Tukafukia. Tukateremka penye mgomba, mbali, mahali ambapo hata uzio huuoni kwa majani. Tukaanza upya. Kila tulipotoa koleo moja la udongo maji yalirudi mawili, maana bonde lote lilikuwa likimiminikia pale.

"Huku maji yanatuama," jirani mmoja akasema.

Mtia makaa aliegemea koleo lake. "Basi si ndilo alilokuwa akilitaka? Atabatizwa mpaka Pasaka ijayo."

Jirani zake walicheka, na mwalimu, aliyekuwa ametufuata na mwavuli wake, nilimwona akiuma mdomo asicheke. Mpishi alikwenda kutafuta debe. Tukaanza kuchota maji.